MALI YA YATIMA NA NYUMBA YA KUPANGISHA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baadu.

Limetufikia katika darsa yetu suali la ndugu mmoja wa hapa Rabai, na kwa kuwa twajua kwamba wako wengi wenye suali kama hilo ambao hawajauliza, tumeona ni kheri kulijibu katika karatasi hii kuliko kumjibu yeye peke yake. Ndugu huyu ameachiwa wasia na marehemu nduguye, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, awasimamie watoto wake watatu. Mkubwa wao ana miaka tisa. Madeni yamelipwa, warithi wengine wamepewa mafungu yao, na fedha zilizobaki ni za watoto, nazo zimelala. Dalali amemjia na habari ya nyumba ya vyumba vinane kando ya njia ya Mazeras, yenye kupangishwa chumba chumba, akamwambia kwamba kodi yake itairudisha bei yote kwa miaka saba. Auliza: je, yafaa kisheria kununua nyumba kwa mali ya yatima? Na kama yafaa, ni mambo gani ayatazame kabla ya kutoa fedha?

Jibu la suali la kwanza ni jepesi. Yafaa, na zaidi ya kufaa ni jambo lililosifiwa. Sayyidna Umar, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliwahimiza watu wazifanyie biashara mali za mayatima zisije zikamalizwa na zaka. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameona kwamba kumnunulia yatima shamba au nyumba ni bora kuliko kumfanyia biashara, kwani mali yenyewe hukaa mahali pake na faida yake ikaliwa. Lakini hao hao waliosema hivyo wamemfunga msimamizi kwa masharti. Wamesema asinunue ila kwa mtu mwaminifu, wala asinunue mahali panapoelekea kuharibika. Na Imam Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa masheikh zetu tukiwa juu ya mkeka, ametaja hata vifaa: nyumba za yatima zijengwe kwa udongo na tofali la kuchomwa, si kwa tofali bichi wala kwa jasi. Wenye kukisherehesha wakaeleza sababu yake: tofali bichi halidumu, na jasi ni ghali, tena hulishika tofali hata likitolewa huvunjika, ilhali udongo huliachia likatumika mara ya pili.

Tumeyataja haya kwa makusudi, kwa maana katika miji yetu wako wanaodhani kwamba dini imekoma msikitini, na kwamba mambo ya msingi na kenchi na hisabu ya kodi ni mambo ya dunia yasiyomhusu sheikh. Basi huyu hapa Imam aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, asemaye juu ya tofali gani liwekwe katika ukuta wa mtoto asiye na baba. Mwenye kulidharau hilo atakuja kuulizwa nalo.

Sasa tuje kwa suali la pili, na hapa ndipo penye maneno mengi.

Kwanza ndugu yetu asiitazame nyumba, aitazame ardhi. Pwani yetu ina desturi ambayo mgeni huistaajabia, nayo ni nyumba bila ardhi. Mombasa na miji mingine ya pwani ziko nyumba nyingi ambazo mwenye kuta siye mwenye kiwanja. Huyu amejenga, na yule anapokea kodi ya ardhi, na siku yule akiuza au akitaka mahali pake, huyu huambiwa aondoe alichokijenga. Wengine wamekaa hivyo tangu enzi za babu zao. Mzizi wake mmoja ni ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa pwani wapeleke madai yao waandikiwe. Waliojua mambo ya ofisini waliandikiwa, na wengi wasiojua hawakwenda, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Hatusemi kwamba kununua nyumba ya namna hiyo ni haramu, la. Kukodi kiwanja ukajenga juu yake ni ijara, na ijara ni halali ikiwa muda na malipo yajulikana. Lakini kwa mali ya yatima hatulioni kuwa jambo la busara hata kidogo, kwa kuwa atakuwa amenunua mabati na mawe yaliyosimama juu ya idhini ya mtu mwingine. Hilo ndilo pahala panapoelekea kuharibika, hata kama kuta zake ni imara.

Hapa Rabai mambo yana sura nyingine. Ardhi yetu nyingi hujulikana kwa mbari na ukoo kuliko kwa karatasi, na mara nyingi huwa muuzaji ni ndugu mmoja katika sita. Aende kwanza katika ofisi ya ardhi ya Kilifi, atafute jina la nani liko katika hati, na je, ardhi hiyo imewekwa rehani au imezuiwa na mahakama? Asitosheke na hati anayoonyeshwa na dalali chini ya mwembe. Kisha arudi kijijini, aulize wazee: mwenye ardhi hii wa kwanza alikufa lini, na mirathi yake imegawanywa? Dada zake wako wapi? Suali hili la dada tunalitilia nguvu, kwani katika mirathi ambazo hazikugawanywa fungu lililoliwa mara nyingi ni la wanawake walioolewa mbali, hata wakisikia habari ya mauzo nyumba imekwisha kupakwa rangi na mnunuzi mpya. Mtume s.a.w. ameonya kwamba mwenye kuchukua ardhi ya mtu kwa dhulma, japo ni shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Itakuwaje basi kumnunulia yatima mali iliyodhulumiwa yatima mwingine?

Tena asisahau minazi. Kwetu mnazi waweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, na minazi iliyowekwa rehani zamani huenda mwenye kuikopeshea fedha angali akiila nazi zake mpaka leo, akisema ni haki yake. (Na mkopeshaji kula mazao ya rehani kwa kuwa amekopesha ni mlango wa riba, lakini hilo lataka makala yake lenyewe.) Ikiwa katika kiwanja pana minazi minne, mkataba utaje minazi minne na mwenyewe ni nani. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, tuandike deni la muda na tushuhudishe tunapouziana. Nasi twaiona aya hii ndefu kupita zote ikisomwa sana katika makhitima na kutumiwa kidogo sana katika mauzo.

Jambo jingine: ndugu yetu ameambiwa kwamba fedha zikipungua aongeze kwa mkopo wa benki. Mkopo wa riba haumfai msimamizi kwa nafsi yake, sembuse kwa mali ya wenziwe. Ziko benki zinazofuata njia ya Kiislamu katika Kenya, na tangu mwaka 2008 Gulf African Bank imefungua milango. Lakini hata mkataba ulio halali ni deni, na nyumba huwekwa rehani kwa ajili yake, na yatima huyu hana haja ya deni. Kama fedha ni za vyumba vinne, anunue vyumba vinne.

Akishajua habari ya ardhi, ndipo aitazame nyumba. Na asiitazame wakati wa kaskazi, nchi ikiwa kavu na kila ukuta umependeza. Aingoje masika. Siku mvua imenyesha usiku kucha, aondoke alfajiri aende akaione: maji ya paa yatelemkia wapi, ua wakauka au umekuwa ziwa, na chini ya kiambaza pamepanda unyevu kadiri gani. Ufa mwembamba katika lipu si kitu, lakini ufa unaotoka pembe ya dirisha ukashuka kwa mshazari hata chini, huo wasema kwamba msingi umekaa vibaya. Apande darini atie kisu katika kenchi. Kikiingia kama katika muhogo uliochemshwa, mchwa wametangulia kununua. Atazame mabati penye misumari, ndipo kutu huanzia. Aulize mchanga wa zege ulitoka wapi, maana mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hukishika chuma kikafura ndani na kupasua zege kutoka tumboni. Aulize choo kina kina gani na kiko mbali kiasi gani na kisima. Na asende peke yake, achukue mwashi asiyejuana na dalali, amlipe ujira wake wa siku moja. Ujira huo ni mdogo kuliko bei ya ukuta mmoja.

Nyumba iliyopakwa rangi wiki ya kuuzwa yataka kuangaliwa mara mbili. Mtume s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Rangi juu ya ukuta ulioroa ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyorowa, wala hatuoni tofauti. Na mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana haki ya kukirudisha. Watu wetu wengi hawaijui haki hii, wakadhani kwamba baada ya kupeana mikono hapana tena la kusema.

Sasa hisabu. Dalali amesema: vyumba vinane, kila kimoja shilingi 3,500 kwa mwezi, jumla 28,000, kwa mwaka 336,000, bei ni 2,400,000, basi miaka saba na kidogo fedha zimerudi. Hisabu hii ni sahihi kwa mtu asiyekuwa na nyumba. Mwenye nyumba ajua kwamba wapangaji huhama, na chumba hukaa wazi. Tuseme kila chumba kitakaa wazi mwezi mmoja katika mwaka: zimeondoka 28,000, zimebaki 308,000. Kisha iko kodi ya Serikali juu ya mapato ya nyumba za kukaa watu. Ilianza mwaka 2016, na tangu Januari 2024 ni saba na nusu kwa mia kwa mwenye kukusanya zaidi ya shilingi 288,000 na zisizozidi milioni 15 kwa mwaka. Hutozwa juu ya kodi nzima iliyopokewa kabla ya kuondoa gharama yoyote, na hupelekwa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mfano wetu ni 23,100. Kutapisha choo, taa ya ukumbini, mtu wa kufagia na malipo ya kaunti tuyakadirie 36,000. Na fungu la nyumba yenyewe, tutakalolieleza hivi sasa, tuliweke moja katika tano, nalo ni 61,600. Zimebaki 187,300, yaani kama 15,600 kwa mwezi, si 28,000. Na miaka ya kurudisha bei si saba, ni karibu na kumi na tatu. Hatusemi kwamba biashara hii ni mbaya. Miaka kumi na tatu mtoto wa miaka tisa atakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Twasema tu kwamba msimamizi aliyewaahidi watoto 28,000 kila mwezi atakuja kuipunja nyumba ili aitimize ahadi yake.

Fungu la nyumba ni nini? Tulitoe katika mlango wa wakfu, kwani huko wanazuoni wamelieleza wazi: mapato ya nyumba ya wakfu kwanza hutengenezewa nyumba, na kinachobaki ndicho hupewa wenye kustahiki. Nyumba hula kwanza. Kanuni hii tunayo katika vitabu vyetu kwa karne nyingi, na tazama hali za nyumba za wakfu katika miji ya pwani: ngapi zimebaki kuta bila paa, kwa kuwa kila mwaka kodi iligawanywa yote na hapana aliyenunua hata bati moja! Na hapa kwetu Rabai, jengo walilolianzisha wamisheni Krapf na Rebmann katika miaka ya 1840 limefanywa nyumba ya makumbusho, na kanisa la mwaka 1887 lingali limesimama. Hawana Minhaji, lakini wanalipa mafundi. Tunalisema hili kwa uchungu.

Fedha za fungu hilo zisikae katika mfuko mmoja na fedha za matumizi. Zikusanyike mpaka siku ya kazi, na kazi ianze juu ishuke chini: paa, kisha mifereji ya maji, kisha choo, kisha kuta, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Watu hugeuza mambo, wakapaka rangi kwanza kwa kuwa huonekana na wapita njia. Kama paa ni la makuti, ajue kwamba kila baada ya miaka michache yataka kuezekwa upya, na makuti hununuliwa kabla ya mvua, si siku yanapovuja. Vifaa anunue mwenyewe na risiti ahifadhi. Fundi apatane naye kazi na ujira, waandikiane, na kazi ikiisha amlipe jasho lake lisijakauka, kama tulivyofundishwa.

Wako watakaosema: "Hii ni mali ya yatima, basi mpangaji avumilie kuvujiwa." La, hasha! Haki ya yatima haijengwi juu ya dhulma. Katika Minhaji imeelezwa kwamba kumkabidhi mpangaji ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba, na matengenezo ya nyumba ni juu yake; akiharakisha kutengeneza ni sawa, asipofanya, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Imam amefika hata kutaja kwamba kuondoa theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na kuifagia uani ni kazi ya mpangaji. Theluji sisi hatunayo, alhamdulillahi, lakini mvua ya Mei twaijua, na hukumu ni hiyo hiyo: paa ni lako wewe mwenye kupokea kodi, na ufagio wa ua ni wa anayekaa. Mpangaji aliyechelewa kulipa adaiwe, aonywe, ashitakiwe ikibidi; ama kumng'olea mabati au mlango ili atoke, hilo ni haramu, nayo mahakama ya nchi hayaliridhii. Fedha aliyoiweka mpangaji siku ya kuingia ni amana, arudishiwe siku ya kutoka ila kilichoharibiwa kwa mkono wake.

Kumpangisha asiyekuwa Mwislamu hapana ubaya. Majirani zetu wengi ni Wakristo na watu wa kaya, na tumekaa nao vizuri. Lakini akija mtu kutaka chumba cha barabarani akifanye mangwe ya kuuzia tembo, ajibiwe kwamba hakuna chumba, ingawa ataahidi kodi mara mbili. Na kwetu Rabai atakuja, hilo tusidanganyane.

Zaka haitolewi juu ya thamani ya nyumba ya kupangisha. Hutolewa juu ya fedha za kodi zilizowekwa zikatimiza nisabu na mwaka ukazipitia, mbili na nusu kwa mia. Nyumba nayo isiuzwe ila kwa dharura ya watoto au kwa faida iliyo wazi, na ikiuzwa, bei yake irudi katika nyumba nyingine, kwa maana Ibn Majah amepokea hadithi kwamba fedha ya nyumba isiyotiwa katika mfano wake ni karibu ikose baraka.

Ndugu yetu ameuliza pia, kwa haya, kama yeye mwenyewe aweza kupata chochote kwa taabu yake. Jibu liko katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6: msimamizi tajiri ajizuie, na aliye fakiri ale kwa kadiri inayojulikana na watu kuwa ni haki. Akila, aandike alichokula katika daftari lile lile la kodi. Katika aya hiyo hiyo imeelezwa siku ya mwisho wa kazi yake: watoto wajaribiwe mpaka wafike umri wa kuoa, na wakionekana na busara wapewe mali yao mbele ya mashahidi. Kwa nyumba hii, kitakachowekwa juu ya meza siku hiyo ni hati ya ardhi, mkataba wa mauzo wenye kutaja minazi, daftari la kodi tangu mwezi wa kwanza, risiti za mafundi, hati za kodi ya Serikali, fedha zilizobaki katika fungu la nyumba, na funguo nane. Wallahu aalam.